BEISI YA KWANZA YENYE RANGI MBILI: NANI AKANYAGE WAPI?



Ukurasa huu umezoea kuwapa habari za vumbi, za maji ya kunywa, za malaria na za kofia ngumu. Safari hii tutaongea juu ya mchezo. Msishangae. Mguu unaovunjika kiwanjani siku ya Jumapili ndio mguu ule ule unaongojewa kazini siku ya Jumatatu, na mtoto anayegongwa kichwa akicheza ni mtoto wa mmoja wetu.

Mchezo wenyewe ni softboli. Hapa Bunia, mtu akisema "mpira" kila mtu anafahamu ni mpira wa miguu, na hilo halitabadilika. Lakini vijana wetu wengi walisoma Uganda. Familia nyingi za Ituri zilivuka Ziwa Albert wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1999, na nyingine zikavuka tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, zikapokewa Kyangwali na mahali pengine. Huko Uganda softboli na ndugu yake beisboli huchezwa katika shule nyingi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya beisboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani. Basi kijana akirudi nyumbani anarudi na alichojifunza, na siku hizi gongo la mbao linaonekana kiwanjani pembeni ya mpira wa ngozi.

Wasiseme wanaume kwamba ni mchezo wa wasichana. Mwaka 2019, katika mashindano ya dunia ya softboli ya wanaume yaliyofanyika Jamhuri ya Cheki, Botswana na Afrika Kusini zilikuwa miongoni mwa timu zilizocheza.

Kila panapochezwa softboli, ugomvi mmoja hurudi: ile beisi ya kwanza ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni ya rangi ya machungwa. Mmoja husema nusu ya pili ni ya akiba. Mwingine husema ni ya pambo. Wa tatu husema unaweza kukanyaga popote, mradi umefika mapema. Wote watatu wanakosea, na kosa la huyo wa tatu ndilo linaloleta watu dispensari. Beisi hii ni chombo cha usalama kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Ukishika sababu yake, kanuni zake zote zitakuja zenyewe. Ukishika maneno ya kanuni bila sababu, utabishana mpaka jua litue.

MCHEZO KWA UFUPI

Kwa wasioujua: timu mbili, wachezaji tisa kila upande. Timu moja hupiga, nyingine hulinda. Mrushaji hurusha mpira kwa mkono unaopita chini karibu na paja. Mpigaji husimama na gongo mahali panapoitwa nyumbani. Akiupiga mpira, huacha gongo na kukimbilia beisi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na mwisho hurudi nyumbani; hapo timu yake imepata pointi moja. Toka kituo kimoja mpaka kingine ni futi 60, yaani mita 18.29. Mistari miwili hutoka nyumbani, mmoja ukipita beisi ya kwanza na mwingine ukipita beisi ya tatu. Mpira ulio kati ya mistari hiyo uko ndani na mchezo unaendelea. Mpira unaoanguka na kubaki upande wa pili wa mstari uko nje.

Sasa tutazame beisi ya kwanza. Mpira ukiviringika chini, mlinzi mmoja huuokota na kumtupia mwenzake aliyekwenda kusimama kwenye beisi hiyo. Huyu akiudaka huku mguu wake ukigusa beisi kabla ya mkimbiaji kufika, mkimbiaji ametoka. Mkimbiaji akitangulia, yu salama. Kumbe watu wawili wanataka kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kitu chenyewe, zamani, kilikuwa kifuko cha upana wa sentimeta 38 tu.

Tena fikiri macho yao yako wapi. Mlinzi anatazama mpira unaokuja. Amenyoosha mkono mbele, na mguu mmoja ameuacha nyuma juu ya beisi bila kuutazama. Mkimbiaji anatazama beisi. Hakuna anayemtazama mwenzake. Kumwambia mmoja wao "angalia" ni kazi bure, kwa sababu mchezo unamlazimisha kuangalia kwingine.

MAMBO MATATU YANAYOZIDISHA HATARI

La kwanza ni mwendo. Kwenye beisi ya pili na ya tatu mkimbiaji lazima abaki juu ya beisi. Akiipita, mlinzi aweza kumgusa kwa mpira naye akatoka. Kwa hiyo hupunguza mbio au huteleza chini. Kwenye beisi ya kwanza mpigaji ameruhusiwa kuipita moja kwa moja bila kuadhibiwa. Basi hana sababu ya kupunguza, naye hufika pale akiwa katika mbio zake zote. Mtu akikimbia mita 6 kwa sekunde na kugonga kitu kilichosimama, nguvu ya mgongano huo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 1.8. Kapita yeyote anajua tunavyogomba mtu akipanda urefu kama huo bila kushika vizuri.

La pili ni ule mguu wa mlinzi ulioachwa juu ya beisi. Mkimbiaji akiukanyaga, kisigino na mshipa mkubwa ulio juu ya kisigino huumia. Na mkimbiaji mwenyewe, akitua nusu juu ya mguu wa mtu na nusu juu ya beisi, kifundo chake hupinda.

La tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa maana litawafundisha jambo hata wale wasiotaka kusikia habari za softboli. Kanuni ya mchezo inasema kwamba katika nusu ya mwisho ya njia, yaani mita 9.14 za mwisho, mpigaji akimbie ndani ya kichochoro chenye upana wa sentimeta 91 kilichochorwa upande wa nje wa mstari. Shabaha yake ni asimzuie mlinzi anayepokea mpira. Ni kanuni nzuri. Lakini beisi ya kwanza ya zamani imelazwa upande wa ndani wa mstari. Mnaona? Kanuni ilimwambia mtu akimbie nje, kisha ikamwekea shabaha yake ndani. Ili atii mambo yote mawili, ilimpasa kukata kona katika hatua ya mwisho kabisa, akiwa na mbio zote, kuelekea hasa pale mguu wa mlinzi ulipo.

Wale mnaosoma maagizo ya kazi ukutani mtalitambua kosa la namna hii. Agizo linasema hivi, chombo kimewekwa vile, na mfanyakazi akiumia anaambiwa hakuwa mwangalifu.

DAWA YAKE

Katika machimbo tunajua dawa. Pale ambapo vagoneti na mtu wanapita njia moja, haitoshi kupiga kelele "jihadharini". Mtu hutengewa njia yake, au huchimbiwa kishubaka ukutani ajibanze mpaka vagoneti zipite. Barabarani ni hivyo hivyo: kamyo ina upande wake na mwenda kwa miguu ana wake.

Beisi ya rangi mbili ni kishubaka hicho hicho. Waliirefusha ile ya zamani upande mmoja, kutoka sentimeta 38 hadi 76. Nusu nyeupe ilibaki pale pale ndani ya mstari, nayo ni ya mlinzi. Nusu yenye rangi iko nje ya mstari, mbele kabisa ya kile kichochoro cha mkimbiaji, nayo ni yake. Sasa anaweza kukimbia moja kwa moja, kukanyaga, na kuendelea mbele bila kukata kona. Hakuna aliyenyimwa kitu. Hata urefu wa mbio haukubadilika kwa kiasi cha kusema.

Kwamba chombo kikibadilishwa majeraha hupungua, hilo limepimwa kwenye mchezo huu huu. Mwaka 1988 madaktari wa Michigan, Marekani, walitoa matokeo yao juu ya wachezaji wanaoteleza chini kufikia beisi. Katika michezo 627 iliyochezwa kwa beisi zilizokazwa ardhini waliumia watu 45. Katika michezo 633 iliyochezwa kwa beisi zinazobanduka zikigongwa kwa nguvu waliumia 2. Ile ilikuwa beisi ya namna nyingine na hatari ya namna nyingine, wala sisemi hesabu yake ndiyo hesabu ya rangi mbili. Lakini wachezaji hawakufundishwa upya adabu. Kilichobadilishwa ni kifuko tu.

SASA KANUNI, MOJA BAADA YA NYINGINE

Nitazieleza zilivyo katika softboli iliyoenea. Vitabu hutofautiana kidogo kutoka nchi hata nchi, kwa hiyo kabla ya kuanza, manahodha na mwamuzi wakubaliane kwa sauti, kila mtu asikie.

Tuanze na mpira uliopigwa. Ukigonga nusu nyeupe, uko ndani, mchezo unaendelea. Ukigonga nusu ya rangi peke yake, uko nje. Sababu ni wazi: nusu ya rangi haikuongeza kiwanja. Ni ukingo wa barabara, uliowekwa kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja.

Kisha lile jambo lenyewe. Mpigaji anakimbia, mpira unatupwa beisi ya kwanza ili atolewe. Hapo mlinzi atumie nyeupe na mkimbiaji atumie ya rangi. Mlinzi akidaka mpira huku akikanyaga nusu ya rangi tu, hajamtoa mtu. Ni kama hakugusa beisi. Mkimbiaji akikanyaga nyeupe tu, naye ni kama mtu aliyeruka beisi bila kuigusa. Lakini sikilizeni vizuri hapa: mwamuzi hamtoi mwenyewe tu. Timu inayolinda lazima idai, na idai kabla mkimbiaji hajarudi kwenye beisi. Wakinyamaza mpaka amerudi, neno limekwisha, yu salama.

Hapa ndipo kelele huanza. "Alifika mapema, kila mtu aliona! Mbona ametoka?" Ametoka kwa sababu alifika mapema mahali pasipo pake. Kamyo inayowahi sokoni kwa kupita upande usio wake haikusifiwa kamwe kwa kuwahi.

Na aliyekanyaga katikati, kidole kikiwa juu ya nyeupe na kisigino juu ya rangi? Kanuni inamwadhibu yule aliyegusa nyeupe tu, kwa hiyo huyu yu salama. Lakini mimi kama mtu wa dispensari namwambia: ulenge ukingo wa mbali kabisa, ule ulio mbali na mlinzi. Kanuni inakupa sentimeta 38. Tumia zile za mwisho.

Halafu kuna mpira uliopigwa mbali, ukawapita walinzi wote wa karibu, na hakuna anayetupa beisi ya kwanza. Mpigaji anataka kuzunguka aende ya pili. Hapo aweza kukanyaga nusu yoyote. Wengine huona huu ni upendeleo, lakini rudi kwenye sababu. Mlinzi hagombei beisi wakati huo. Hakuna miguu miwili, kwa hiyo hakuna haja ya nyumba mbili. Tena anayezunguka kuelekea ya pili akilazimishwa kwenda kugusa nusu ya nje atapanua kona yake bure.

Kanuni ya kutatanisha kuliko zote ni ya mpira unaotoka upande wa nje. Mfano: mpigaji amekosa mara ya tatu, lakini mdakaji aliye nyuma yake hakuushika mpira, nao umeviringika nje ya mstari wa beisi ya kwanza. Katika hali fulani mpigaji aruhusiwa kukimbia, na mdakaji ataokota mpira huko nje na kuutupa. Utapitia wapi? Utapitia juu ya kichochoro cha mkimbiaji, moja kwa moja mgongoni mwake. Mlinzi naye, ili auone, itambidi asogee nje. Kwa hiyo kanuni inalegea: mpira ukitupwa kutoka upande wa nje, mlinzi na mkimbiaji kila mmoja aweza kutumia nyeupe au ya rangi. Mlinzi akitoka nje, mkimbiaji huingia ndani. Ndivyo ilivyo pia mpira ukitupwa vibaya ukamvuta mlinzi nje ya mstari. Msomaji atasema kanuni imepinduka. Rangi ndiyo imepinduka. Sababu ni ile ile, watu wawili wasikutane.

Nawaomba walinzi katika hali hiyo wapaze sauti: "Nje!" au "Ndani!" Mdakaji asikie na mkimbiaji asikie. Mnafanya hivyo kila siku mnapobeba bomba watu wawili.

Mwisho ni baada ya kufika. Mpigaji amepita beisi kwa mbio, amesimama hatua kadhaa mbele, anarudi. Arudi kwenye nyeupe. Toka hapo nusu ya rangi ni kama haipo. Akisimama juu ya rangi tu, amesimama nje ya beisi, na mlinzi mwenye mpira aweza kumgusa akatoka. Mrushaji au mdakaji akitupa mpira ghafla ili kumshika akiwa mbali, arudi kwenye nyeupe. Mpira ukipigwa juu naye anangoja udakwe ndipo aondoke, aondokee kwenye nyeupe. Wanaoanza hulisahau hili kila mara. Wameambiwa rangi ni yao, basi wanakaa juu yake kama mtu aliyepewa nyumba ya kampuni akadhani ameinunua. Rangi ni ya safari moja tu: kutoka nyumbani mpaka beisi ya kwanza.

MTU AKIUMIA

Hata beisi ikiwa nzuri, ajali hutokea. Kifundo cha mguu ndicho huumia zaidi. Mtu akipinda kifundo, aache kucheza, akalishwe, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, ufungwe kitambaa bila kukazwa sana, na pawekwe kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Msikande. Najua kila nyumba ina bibi anayejua kukanda, nami namheshimu, lakini kukanda kwa mafuta ya moto siku ya kwanza huongeza damu inayovuja ndani na uvimbe hupanda. Mwiteni bibi baadaye.

Kipimo chepesi: mwambie ajaribu kutembea hatua nne. Asipoweza, hata kwa kuchechemea, au akipiga kelele ukibonyeza mfupa wa pembeni ya kifundo, mleteni hospitali apigwe picha. Akisikia kitu "tap" juu ya kisigino na hawezi kusimama kwa ncha za vidole, huenda mshipa wa kisigino umekatika. Huyo asingoje kesho.

Bega likigonga bega, mfupa ulio kati ya shingo na bega waweza kuvunjika. Mfunge mkono kifuani kwa kitenge na kuja naye taratibu.

Kichwa ndicho kinachonitia hofu. Watu wawili wakigongana vichwa na mmoja akainuka akicheka, watu humpigia makofi, naye hurudi kuchezea timu. Msifanye hivyo. Muulizeni: leo ni siku gani, tunacheza na nani, nani amepata pointi ya mwisho? Akikawia, akionekana kama mtu aliyeamka usingizini, akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au mwanga ukimsumbua, ametoka mchezoni siku hiyo, na hata kama dalili zitakwisha baada ya robo saa harudi. Asiachwe peke yake jioni. Akitapika zaidi ya mara moja, akiwa mgumu kuamshwa, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au maumivu yakizidi kupanda, ni kumleta mara moja, hata usiku wa manane. Wamama, mtoto hawezi kueleza vizuri; mkiona analia ovyo au hachezi kama kawaida, chukueni hiyo kuwa ni dalili.

Na mfanyakazi aliyegongwa kichwa Jumapili amwambie kapita wake kabla ya kuingia zamu Jumatatu. Kizunguzungu kinachopita juu ya kiti cha nyumbani hakipiti hivyo hivyo juu ya ngazi ya shimo, wala mbele ya mtambo unaozunguka. Wengine huficha wakiogopa kupoteza siku. Siku mbili za kupumzika ni hasara ndogo kuliko familia kubaki bila mtu wa kuleta posho. Kapita naye asimcheke mtu anayesema ukweli, maana wakimwona mwenzao amechekwa, watakaofuata watanyamaza.

KUTENGENEZA BEISI YENU

Beisi za dukani ni ghali, tena hapa hazipatikani kwa urahisi. Si lazima. Jambo moja tu nakataza kabisa: msiweke mawe, matofali, wala vipande vya mti. Nimeona vikitumika. Beisi ngumu iliyoinuka ni mtego wa kifundo.

Gunia lililokunjwa na kushonwa, likatiwa unga wa mbao kidogo tu, linatosha. Lishoneni liwe bapa, lisipande kama mto wa kulalia. Kwa beisi ya kwanza shoneni mawili ya sentimeta 38 kila upande, kisha yaunganishwe ubavu kwa ubavu bila nafasi katikati, kwa sababu mguu huingia kwenye nafasi. Vigingi vya kushikilia vipigwe mpaka vichwa vizame chini ya udongo. Nyeupe iwe ndani ya mstari, ya rangi iwe nje. Nimewahi kukuta zimewekwa kinyume, na mchezo wa nusu saa nzima ulikuwa umechezwa hivyo.

Sasa rangi. Watu hudhani lazima iwe ya machungwa kwa kuwa ndiyo wameiona kwenye picha. Kanuni inataka rangi inayopambanuka na nyeupe, na kijani hukubaliwa pia. Kiwanja chetu ni udongo mwekundu. Weka rangi ya machungwa juu ya udongo huo wakati wa kiangazi, vumbi likiipaka kidogo, na mkimbiaji haioni tena. Ataona nyeupe tu, naye ataifuata. Hapa petu pakeni kijani. Kwenye kiwanja chenye majani ndipo machungwa hufaa.

Watoto wasio na magunia wachorewe miraba miwili kwa chokaa chini, mmoja mtupu na mmoja wenye msalaba ndani kuwa ndio wa mkimbiaji. Kwao hii ni salama kuliko gunia, maana hakuna ukingo wa kujikwaa. Chokaa isiruke machoni, na ichorwe upya kila baada ya mvua.